Njia ya Shelisheli Inapita Mutuini

Niliondoka nyumbani Uthiru asubuhi ya Jumanne kwenda Shelisheli, na ilipofika alasiri nilikuwa Mutuini. Msomaji anayeijua ramani atasema nilipotea njia. Msomaji anayenijua hatashangaa hata kidogo. Waliokuwa wakitarajia minazi na mchanga mweupe nawaomba radhi mapema: katika masimulizi haya bahari itaonekana mara moja tu, nayo imebandikwa ukutani.

Sababu ya safari ilikuwa simu. Kalondu, mke wangu, tulimzika Kangundo mwaka juzi, lakini simu yake niliiacha kwenye rafu ya vitabu sebuleni, nikawa naichaji kila ikiishiwa, kwa sababu ambazo mtu mwenye shahada mbili angepaswa kuweza kuzieleza. Nayo simu haikukaa kimya. Kila mara ilikuwa ikiwaka na kuandika: "Asante Kalondu kwa kununua nasi. Umepata pointi." Ujumbe ulitoka kwenye mpango wa pointi wa shirika moja la ndege, ule ambao ukinunua unga dukani au petroli kituoni unataja namba yako ya simu, na baada ya miaka mingi ya unga na petroli unapewa kiti angani. Leo duka lilikuwa Dagoretti. Kesho Kawangware. Siku nyingine hapahapa Uthiru, mtaa wa pili kutoka kiti nilichokalia. Nilijiambia ni hitilafu ya mitambo, maneno yanayotufaa sana sisi tusioijua mitambo. Lakini pointi ziliendelea kupanda, na mtu akizitazama hizo peke yake angesema kati yetu wawili aliyekufa ni mimi.

Kalondu alizipenda pointi zile kama watu wengine wanavyopenda kuku. Kwenye foleni ya dukani, aliyemtangulia akisema hana namba, yeye alinyoosha shingo: "Kama huna, taja yangu, zisipotee." Nilikuwa nasimama mbali nikijifanya nasoma tangazo la sabuni. Alikuwa ameiona picha ya Shelisheli kwenye kalenda ya saluni, yale mawe makubwa ya kijivu yaliyolala ufuoni, na hakuisahau. "Kwetu Ukambani tuna mawe bila maji," alisema. "Nataka kuona mawe yaliyobahatika." Angeenda na Mutheu, binti yetu, atakapomaliza chuo. Mimi ningebaki kulinda nyumba.

Mutheu amemaliza chuo. Ana miaka ishirini na mitatu na amepanga chumba Kinoo, karibu kiasi kwamba ningeweza kumpelekea chakula kikiwa bado na moto, na mbali kiasi kwamba hajalala kwetu tangu mwaka jana. Mara ya mwisho tulikuwa mezani, simu ya mama yake ikawaka kwenye rafu. Asante Kalondu. Mutheu aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu aliyesikia mlango.

"Baba," alisema, "simu ya mtu tuliyemzika ikiendelea kwenda shopping, mimi silali humu."

Akachukua mkoba wake. Tangu hapo tumekuwa tukizungumza kwa picha ndogondogo za vidole gumba. Kisha akapata kazi ya maabara Lodwar, aanze mwezi ujao, na mimi nikaogopa. Nilijua mtoto akienda mbali namna hiyo akiwa anaiogopa nyumba, atarudi kwa misiba tu. Nikamwandikia: twende Shelisheli mimi na wewe, kwa pointi za mama. Alijibu siku ya pili. "Sawa. Lakini ziishe zote. Na hiyo simu izimwe." Ndiyo kusema, nilikuwa na muda wa hadi mwisho wa mwezi kumrudisha binti yangu mezani, na nauli ilikuwa mikononi mwa marehemu.

Nilijaribu kwanza kuzitumia nikiwa nyumbani. Mtambo ukataka namba ya siri. Niliweka mwaka wa kuzaliwa Mutheu, nikaweka mwaka wa arusi yetu, ambao niliukosea, na mtambo ukajifunga, ukaniamuru nifike ofisini mjini.

Kituo cha kwanza kilikuwa cha petroli, pale Uthiru kabla ya kuingia Waiyaki Way. Mhudumu, mama mmoja mwenye kofia ya kampuni, alipomaliza kujaza aliuliza kama nina namba ya pointi. Mimi ni mtu wa kulipa na kuondoka, lakini siku hiyo ulimi ulinitangulia, nikataja ya mke wangu.

"Kalondu?" aliita kwa sauti, akisoma kwenye kimashine chake. Halafu akatazama ndevu zangu.

"Ni mke wangu."

"Aa, sawa. Ni lazima tuite jina, mzee, siku hizi watu wanaiba hadi pointi. Haya, msalimie."

"Nitamsalimia," nikasema, na kwenye mkoba uliokuwa kiti cha pembeni simu ikatetema. Asante Kalondu.

Niliendesha hadi Kangemi kabla ya kutambua kilichokuwa kikinisumbua. Halikuwa lile "msalimie". Ni kwamba nilikuwa sijalisikia jina lile likitamkwa kwa muda mrefu sana, hata kabla ya msiba. Tangu Mutheu azaliwe, majirani walimwita Mama Mutheu, kanisani Mama Mutheu, nami pia, nikitaka chumvi, Mama Mutheu. Jina lake lenyewe lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye mashine za dukani. Katika uhai wake, waliokuwa wakimwita Kalondu kila siku walikuwa wauzaji.

Saa nne nilikuwa mjini, nimeegesha gari mbali na Kenyatta Avenue kwa ubahili, nikapanda hadi ghorofa ya nne kwenye ofisi ya mpango ule. Ukutani palikuwa na picha kubwa kuliko mlango: bahari, na yale mawe. Nilisimama mbele yake nikajisikia kama mtu aliyechelewa kumpokea mgeni. Nyuma ya dawati alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ushungi, kibao cha jina kikisema Zuhura.

"Karibu baba. Nikusaidie nini?"

"Nataka kutumia pointi za mke wangu. Safari ya Shelisheli, watu wawili."

"Mashaallah. Kwani hapa Nairobi mnachoshwa na nini kila siku? Mimi nimezaliwa Lamu, nimekuja huku kutafuta riziki, na kazi niliyopewa ni kuwauzia watu kisiwa." Alicheka mwenyewe, akaandika namba niliyomtajia. "Mama mwenyewe hakuja?"

"Hawezi kuja."

"Anaumwa?"

"Alifariki. Mwaka juzi."

Vidole vyake vikasimama hewani. Alinipa pole na kumwombea marehemu, kwa maneno yanayostahili, lakini macho yake hayakuondoka kwenye kioo cha kompyuta. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa ofisini hawalifanyi: alikigeuza kioo nikakiona na mimi.

"Baba, usinielewe vibaya. Huyu mteja alipiga simu hapa mwezi uliopita. Nilipokea mimi mwenyewe. Tazama, nimeandika: mteja anauliza kama pointi zimefika za Shelisheli."

"Alijitaja nani?"

"Kalondu. Namba aliyoitaja ilikuwa yake, jina lake, na sauti ya mama mtu mzima, anayavuta maneno kama wewe unavyoyavuta. Nikamwambia zimefika, hata kwa watu wawili."

"Akasemaje?"

Zuhura alifikiri. "Alinishukuru kwanza. Halafu akasema, 'Basi nitawaambia.'"

Nilikaa, ingawa hakuwa amenikaribisha kiti. Ningependa kuandika kwamba nilitafuta maelezo ya kiakili. Ukweli ni kwamba niliwaza jambo moja tu: atawaambia kina nani, wale wa huko? Tukiwa bado tunakitazama kioo, mstari mpya ukajiandika juu ya mingine, Dagoretti, na mkoba ukatetema mapajani pangu kama kitu kilicho hai. Zuhura aliuvuta ushungi wake mbele kidogo.

"Hii imeingia sasa hivi, baba," alisema kwa sauti ndogo.

Alinieleza utaratibu, nadhani ili sote wawili tupate la kusema. Mke akifariki, mume huleta cheti cha kifo, cheti cha ndoa na kitambulisho. Jina la marehemu linatoka, la mume linaingia, pointi zinakuwa zake. Namba ya uanachama inabaki ileile, ila ujumbe wote utakuwa ukienda kwenye simu yake.

"Unavyo vyeti?"

Nilikuwa navyo, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya ile simu. Mkono wangu ulikwenda hadi kwenye zipu ukakataa. Ni mara ngapi nimekitoa cheti kile benki, kwa chifu, kwenye ofisi ya maji, bila hata kukitazama? Lakini wakati ule, kumwambia mtu kwamba Kalondu amekufa, dakika chache tu baada ya Kalondu kununua kitu Dagoretti, niliona kama kumsengenya.

"Nitavileta kesho," nikasema.

"Hivyo ni sawa. Mimi sijaandika lolote. Kesho ukija nitakuwa nimesikia."

Kutoka mjini nilifuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, nikapita Kawangware, na saa sita kasorobo nilikuwa soko la Dagoretti. Pale pana machinjio, na penye machinjio pana korongo, wale ndege warefu wenye upara wanaosimama juu ya mapaa kama mawakili wanaosubiri kesi. Walikuwa kimya wote. Duka lililokuwa likiandikwa kwenye meseji sikulitafuta sana, lilikuwa hapo barabarani, limejaa watu.

Nilichukua trolii. Sikujua nimtafute nani, na kwa aibu ya kuzurura bure nikachukua kabichi. Nilikuwa kati ya mafuta ya kupikia na viberiti niliposikia, wazi kabisa, kutoka upande wa kaunta:

"Kalondu?"

Na sauti ya mwanamke ikajibu, "Ee, weka."

Bibi yangu alinikanya tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Hakunifundisha ufanye nini akiitwa maiti wako, naye akaitika. Niligeuza trolii, ikagoma gurudumu moja kama kawaida yao, nikaiacha na kabichi mkononi. Nilipofika kaunta mwanamke huyo alikuwa keshatoka. Niliona kilemba cha kijani kikipanda pikipiki.

"Kalondu?" kaunta ya pili ikaita.

"Ndiyo," akajibu mwanamume mrefu mwenye gambuti nyeupe na damu kavu kwenye aproni. Alikuwa ananunua maziwa.

Na kaunta ya tatu, kabla sijageuza shingo: "Kalondu?" Akajibu kikongwe mwenye fimbo, "Ni sisi."

Muuzaji wa kaunta ya kwanza ndiye aliyenizindua, msichana mwenye kucha ndefu za zambarau.

"Mzee, hiyo kabichi utainunua ama unaipima tu?"

"Huyo mama aliyetoka. Wa kilemba. Ndiye Kalondu?"

"Zii. Huyo ni Mama Syombua, wa Mutuini. Kalondu si ni chama?"

"Chama?"

"Ya akina mama. Si kila mtu huku anatumia hiyo namba. Mama Syombua alitushow tusitupe pointi za watu, so mtu akikosa namba, mimi mwenyewe naweka hiyo. Jina ikitokea naita, mwenye yuko karibu anasema ndiyo." Aliipitisha kabichi kwenye mashine. "Na wewe nikuwekee?"

"Hapana," nikasema, kwa haraka iliyomfanya anitazame usoni.

"Pole basi. Si lazima."

Njia ya Mutuini ilikuwa na tope, na gari langu lina umri wa kuheshimiwa, kwa hiyo nililiacha barabarani nikachukua boda boda. Dereva hakuhitaji maelezo. Nilisema "Mama Syombua" akawasha. Tulipita mashamba madogo ya sukumawiki yaliyobanwa na nyumba mpya za kupangisha, ghorofa tatu, nne, bado hazijapakwa rangi, madirisha yake mengi yakiwa matundu meusi. Chini, ng'ombe mmoja alikuwa akila nyasi kwenye kivuli cha nyumba isiyo na mtu.

Mama Syombua alikuwa nje ya lango lake akishusha mtungi wa mafuta ya kupikia. Aliponiona hakushtuka, mimi ndiye niliyeshtuka. Nilimfahamu. Ni yeye aliyeongoza nyimbo pale kaburini Kangundo, akiimba huku amefumba macho, na mvua ikinyesha. Walikuwa kwaya moja na mke wangu. Sikuwa nimewahi kuuliza anakaa wapi.

"Baba Mutheu," alisema. "Umechelewa. Nilidhani ungekuja mwaka ule ule."

Alinikaribisha ndani, akaniwekea chai na mihogo, na mimi niliyejiandaa njia nzima kuwa mkali nikajikuta nauliza kwa upole, kama mwanafunzi.

"Mama Syombua, wewe ndiye uliyepiga simu mjini?"

"Ndiye. Nilitaka kujua kama amefika."

"Kama zimefika. Pointi."

"Hizo pia," alisema. "Nikawaambia wenzangu, tukafurahi. Tukasema haya, bado kumwambia Baba Mutheu, lakini huyo anaandika magazetini, lazima ana shughuli."

"Lakini ulimzika. Ulikuwepo."

"Niliimba mpaka koo likakauka, shemeji. Sijasema hajafa." Alinimiminia chai tena ingawa kikombe kilikuwa kimejaa nusu. "Siku zile yuko wodini tulikwenda kumwona, akatuambia, msiache kutaja namba yangu, nyinyi wavivu, bado kidogo tu. Tukasema hatuachi. Sasa wewe ni msomi, niambie. Mtu akikutuma kisimani, ukiwa njiani akafa, unamwaga maji?"

Nikauliza swali lililokuwa likinikera tangu dukani: haoni vibaya kuitwa kwa jina la mfu na kuitika?

"Mara ya kwanza niliogopa," alisema. "Yule msichana aliita Kalondu, nikasikia mgongo baridi. Nikasema ndiyo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wakininung'unikia. Halafu nikasikia kama mtu amesimama nyuma yangu, unajua vile mtu anakukaribia sana kwenye foleni, unasikia pumzi? Nikageuka, hakuna mtu." Akaumega muhogo. "Siku hizi nasogea tu kidogo, nimpishe."

Aliyasema hayo bila kushusha sauti, kama anayezungumzia bei ya mafuta. Nje, kwenye ghorofa ile tupu, kitu cha bati kiligonga mara moja kisha kikatulia.

Nikamweleza habari za Mutheu. Kwamba anaiogopa simu, haji nyumbani, anakwenda Lodwar, na amekubali safari hii kwa sharti kwamba pointi ziishe na simu inyamaze. Nilipofika hapo Mama Syombua aliacha kutafuna.

"Mtoto anaogopa? Sisi?"

"Hajui kama ni nyinyi. Anadhani ni mama yake."

"Maskini. Na ni yeye tulikuwa tukimwekea. Kiti kimoja cha Kalondu, kimoja cha Mutheu, ndivyo alivyopanga." Alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu vyenye tope. "Sasa wewe, Baba Mutheu, utakalia kiti cha nani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. "Cha Kalondu," nikasema.

"Hm. Basi kikalie vizuri."

Nilimwomba waache kuitaja namba. Nikaeleza kwamba kesho jina la Kalondu litatoka kwenye mtambo na langu litaingia, na hapo hakutakuwa na sababu tena. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na nilipodhani nimeshinda akasema:

"Mimi naacha leo. Na wenzangu wa kwaya nitawaambia, wataacha. Lakini wengine siwajui, shemeji. Wale wa machinjioni, wale wa Kawangware, hao walisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Namba imewakaa mdomoni. Wengi hawajui hata kama ni ya mtu." Alinisindikiza hadi langoni. Pale akanishika mkono, mkono wake ukiwa bado na mafuta. "Hilo jina lako. Ni lazima uliweke wewe? Huwezi kuliacha tupu?"

"Mtambo haukubali."

"Wewe uko hai, Baba Mutheu," alisema. "Ndiyo maana nauliza."

Nilirudi Uthiru kabla ya jua kuzama, njia nzima redio ikiwa imezimwa. Kila nilipopita duka lenye foleni nilifunga dirisha.

Jumatano nilikuwa tena ghorofa ya nne. Zuhura alivipokea vyeti kwa mikono miwili, akaviweka kifudifudi kwenye dawati hadi alipovihitaji, adabu ambayo sijaisahau. Akaandika. Akaniuliza kama niko tayari, nikamwambia nani huwa tayari, abonyeze tu. Jina la Kalondu likatoka. Halikuaga kwa namna yoyote. Palipokuwa na Kalondu pakawa na Mutua, basi. Papo hapo tukakata tikiti mbili, kwenda na kurudi, na nyumba ya wageni juu yake, pointi zikaisha hadi sifuri. Tulipomaliza tukatazamana kama watu waliobeba kabati hadi ghorofani.

"Mkifika muyatazame hayo mawe vizuri," alisema Zuhura. "Usikae ndani ukaandika."

Jioni ile niliizima simu ya mke wangu. Nilitarajia kulia, lakini nilichofanya ni kuipangusa vumbi na kumpigia Mutheu kumwambia.

Jumamosi mchana alikuja na sanduku lake lote la Lodwar, kwa kuwa Alhamisi tungekwenda uwanja wa ndege na akirudi angeelekea kazini moja kwa moja. Aliitazama rafu kwanza. Halafu akaingia chumbani kwake, akalala mchana kutwa kama mtoto mwenye homa. Jumapili asubuhi tulikula mayai na viazi vitamu, akanicheka kwa kaptura niliyonunua kwa ajili ya ufukwe, akasema nafanana na chifu wa zamani. Aliketi kiti chake cha siku zote. Mbele yake nilimsimulia safari yangu yote, Zuhura, korongo, mwenye gambuti, Mama Syombua na foleni yake. Sehemu ya foleni nilitaka kuiruka. Lakini nilikuwa nimejifunza kitu kwenye njia ile, na ndicho hiki ninachowaletea nyinyi mliobaki nyumbani: kwamba hofu ya binti yangu haikutokana na mama yake kuendelea kutajwa, ilitokana na kutajwa na watu asiowajua, mahali asipopaona. Wakipewa sura na vilemba, wanageuka kuwa majirani. Mutheu alisikiliza hadi mwisho. Alitoa machozi, akacheka pale kwa kikongwe aliyesema "ni sisi". Akasema akitoka Shelisheli atamletea Mama Syombua jiwe.

Hapo ndipo simu yangu, iliyokuwa kati ya chumvi na chai, ikawaka.

"Asante Mutua kwa kununua nasi Dagoretti. Umepata pointi."

Sikuwa nimetoka nyumbani tangu Ijumaa. Nilitaka kusema jambo la mzaha, ndiyo kazi yangu, nikawa bado nalitafuta ilipowaka tena. Asante Mutua, Kawangware. Kisha Mutuini. Nililiona duka lile kama niliyekuwa ndani yake: msichana mwenye kucha za zambarau akisoma jina jipya kwenye kioo, akiliita kwa sauti, na mtu nisiyemjua, mikono yake imejaa maziwa, akisema ndiyo ili foleni isogee.

Mutheu alinyoosha mkono, akaichukua simu, akasoma zote tatu. Halafu akaniangalia mimi, si kwa woga, bali kwa makini, kama daktari anavyomwangalia mtu aliyelala.

"Baba," akasema. "Uko?"

"Niko," nikajibu, haraka, kabla mtu mwingine hajaitika badala yangu.